Kile Ambacho Breka Haijui

Nilikuwa nimesimama mbele ya kisanduku cha breka za umeme, simu ikinimulikia, na breka zote ndogo nilikuwa nimezishusha moja baada ya nyingine. Nikaipandisha ile breka pana iliyo mwanzoni mwa safu, yenye kitufe kidogo chenye herufi T, nayo ikatulia. Nikapandisha breka ya soketi za chumbani, ikatulia pia. Kisha nikamwomba mdogo wangu awashe pasi. Kabla hajamaliza kusema "tayari", breka pana ilishuka kwa mlio mkavu na nyumba yote ikarudi gizani.

Hilo peke yake halikuwa la ajabu, kwa kuwa pasi yenye hitilafu hufanya hivyo. La ajabu ni kwamba pasi hiyo hiyo ilikuwa imetumika jioni nzima katika nyumba nyingine yenye breka ya aina ile ile, bila tatizo lolote.

Tulipoichomoa pasi na kuwasha hita ya maji, ambayo iko kwenye saketi nyingine kabisa, yaani njia nyingine ya nyaya yenye breka yake ndogo, breka pana ilishuka vilevile.

Vifaa viwili, saketi mbili, breka ndogo mbili ambazo hazikushuka hata mara moja, na matokeo yale yale.

## Washukiwa

Kwa majuma kadhaa nyumba yetu iliishi kwa kukisia. Umeme ulikatika zaidi jioni kuliko mchana. Wakati mwingine ulikatika hakuna aliyegusa swichi yoyote, na siku nyingine ulikaa kuanzia asubuhi hadi usiku kana kwamba hakujawahi kuwa na tatizo. Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake: pasi, friji iliyozeeka, birika la umeme, chaja ya mtu fulani. Mwisho wakaafikiana kwamba breka yenyewe imechoka.

Hilo la mwisho lilinisumbua kuliko yote. Ni kweli breka huchoka. Springi hupoteza nguvu, na sehemu zinazogusana huungua kidogo kila zinapokata mkondo mkubwa. Lakini maelezo ya "imechoka" yana kasoro moja: yanatosheleza kila tukio. Ikishuka jioni, imechoka. Isiposhuka mchana, imechoka lakini bado haijaisha. Maelezo yanayokubaliana na lolote litakalotokea hayamsaidii mtu kutafuta chochote.

Breka pana ilibadilishwa. Mpya, ya uwezo ule ule, ilishuka jioni hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo nadhani lilipaswa kutangulia mengine yote: kifaa hiki kinaposhuka, kinakuwa kimehisi nini hasa? Maana breka haioni pasi wala hita, wala haijui kama ni jioni. Inahisi jambo moja au mawili tu, na yote mengine tunaongeza sisi.

## Joto, sumaku, na hesabu

Breka ndogo, zile nyembamba zilizopangwa kwenye safu, zina vihisio viwili ndani. Cha kwanza ni bamba lililotengenezwa kwa metali mbili zilizobandikwa pamoja, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto; mkondo ukizidi kwa muda, bamba hupinda hadi linafyatua kitasa. Cha pili ni koili ambayo, mkondo unapopanda ghafla na kwa wingi, hugeuka sumaku yenye nguvu ya kuvuta kitasa hicho hicho papo hapo. Muungano huu wa vihisio viwili ndani ya kifaa kidogo ulipewa hataza Ujerumani mwaka 1924, na mhandisi Hugo Stotz ndiye anayetajwa kuwa mvumbuzi wake. Karibu miaka mia moja baadaye, ukiifungua breka ya kisasa bado utakuta bamba na koili.

Kwa sababu vihisio ni viwili, namna breka ndogo inavyoshuka ni ushahidi tosha, ila watu wengi hawauzingatii. Ikishuka papo hapo unapoipandisha, koili ndiyo iliyofanya kazi, na hiyo ni dalili ya shoti: laini, yaani waya unaoleta umeme, imegusana na nyutro, waya unaourudisha, au na ethi, waya unaoelekea ardhini, mahali fulani. Ikishuka baada ya dakika kadhaa za matumizi, bamba ndilo lililopinda, na hiyo ni dalili ya mzigo kuzidi.

Tena bamba lina uvumilivu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa viwango vya kimataifa vya breka za nyumbani, breka ya ampea 20 haipaswi kushuka ndani ya saa moja ikipitisha ampea 22.6, na inalazimika kushuka ndani ya saa moja mkondo unapofika ampea 29. Katikati ya namba hizo mbili hakuna ahadi. Pasi ya wati 2,200, birika la wati 2,200 na hita ya chumba ya wati 1,500 kwenye volti 230 ni karibu ampea 26 kwa jumla. Mzigo huo unaweza kuvumiliwa leo na kukatwa kesho siku ikiwa na joto zaidi, kwa kuwa breka hizi hupimwa kiwandani katika nyuzijoto 30 na hushuka mapema zaidi kisanduku kinapokuwa cha moto.

Lakini kwetu breka ndogo hazikushuka kamwe. Iliyoshuka ni ile pana.

Hiyo, ambayo mafundi huiita RCD na mimi hapa nitaiita breka ya uvujaji, haina bamba la joto wala haijali ukubwa wa mzigo. Waya wa laini na waya wa nyutro hupita pamoja ndani ya pete ya chuma iliyozungushiwa koili nyembamba. Umeme unaoenda kwa laini ukirudi wote kwa nyutro, athari zao za sumaku hufutana na koili haihisi kitu. Kiasi kikipungua njiani kwa kupitia ethi, ukuta wenye unyevu au mwili wa mtu, tofauti huonekana na kitasa hufyatuka. Ni kama mlinzi wa geti anayehesabu waliotoka na waliorudi. Hajui aliyepotea ni nani wala amepotelea wapi, anajua tu kwamba hesabu haikutimia.

Kwa nyumba nyingi kikomo cha tofauti hiyo ni miliampea 30, na kwa viwango vilivyowekwa breka inaruhusiwa kushuka tangu miliampea 15. Pasi yetu inavuta takriban ampea 9.6. Kinachotafutwa, basi, ni upungufu mdogo mara mia tatu na zaidi kuliko mkondo wa pasi yenyewe.

## Ushauri wa kuiondoa

Fundi mmoja aliyekuja alitazama, akapandisha, akangoja ishuke, kisha akatoa ushauri ambao naamini wengi wamewahi kuupata: breka ya uvujaji iondolewe, nyaya ziunganishwe moja kwa moja, na breka ndogo zitatosha kulinda nyumba.

Sikukubali, ingawa nakiri kwamba ushauri huo ulikuwa na mvuto baada ya jioni nyingi za giza. Breka ndogo ya ampea 20 hailindi mtu. Mtu anayeshika kifaa chenye mwili uliopata umeme anaweza kupitisha miliampea mia moja au mia mbili kifuani mwake, kiasi kinachotosha kusimamisha moyo, na kwa breka ya ampea 20 hicho ni kiasi kisichohisika hata kidogo.

Charles Dalziel, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitumia miaka mingi kupima kiasi cha umeme kinachomfanya mtu ashindwe kuachia kitu alichokishika. Wastani alioupata ulikuwa takriban miliampea 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Mwaka 1961 alibuni kifaa cha kukata umeme kwa tofauti ndogo namna hiyo, na hadi leo vifaa vya aina hiyo nchini Marekani hukata kati ya miliampea 4 na 6. Nchi nyingine nyingi hutumia 30, kikomo kikubwa zaidi ambacho kinategemea kasi: breka lazima ikate ndani ya sekunde 0.3, na tofauti ikiwa kubwa mara tano, ndani ya sekunde 0.04.

Kwa hiyo kifaa kilichokuwa kikituudhi ndicho pekee ndani ya kisanduku kilichowekwa kwa ajili ya miili yetu. Vingine vyote vimewekwa kwa ajili ya nyaya.

Hata hivyo, ushauri ule uliniacha na shaka ambayo sikuweza kuifuta kwa kusoma. Kama uvujaji upo kweli, mbona hatuupati? Tulikuwa tumezima kila saketi kwa zamu na kuijaribu nyumba bila hiyo. Kwa mantiki ya kawaida, saketi mbovu ikizimwa, tatizo linapaswa kukoma. Halikukoma kwa saketi yoyote.

## Laini imezimwa, nyutro iko pale pale

Fundi aliyefuata alikuwa mzee wa maneno machache. Alisikiliza maelezo yangu yote, jinsi tulivyozima moja moja, kisha akauliza kama tulichomoa pia nyaya za nyutro. Nikamwambia kwamba hakukuwa na haja, kwa sababu breka ya kila saketi ilikuwa imezimwa.

"Dada," akasema, "hapo ulizima laini tu. Nyutro haijakatwa mahali popote."

Alizima swichi kuu, akapima kwa mita kuhakikisha upande wa ndani hauna umeme, akafungua kifuniko cha kisanduku na kunionyesha kwa ncha ya bisibisi, bila kugusa. Juu, kila waya wa laini uliingia kwenye breka yake. Chini, nyaya zote za nyutro za nyumba nzima, za buluu, zilikuwa zimebanwa kwa pamoja kwenye baa moja ya shaba nyekundu iliyotobolewa matundu na kufungwa kwa skrubu. Breka ndogo, za aina tuliyokuwa nayo, hukata waya mmoja tu. Ukishusha breka ya taa za nje, waya wa laini wa taa hizo unakufa, lakini waya wake wa nyutro unabaki umeungana na nyutro ya pasi, ya friji na ya hita, masaa yote, iwe breka iko juu au chini.

Nilikaa kimya kidogo. Majuma yote yale ya kuzima na kuwasha tulikuwa tukijaribu nusu ya nyaya.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Alichomoa nyutro zote kwenye baa, akaziacha zikining'inia, kisha akachukua kipimo kile ambacho mafundi hukiita mega na kupima kila moja dhidi ya ethi. Mega haitumii umeme wa nyumba. Hutoa volti 500 za mkondo mnyoofu na kusoma ukinzani wa mpira unaofunika waya. Saketi isiyo na hitilafu husoma mamia ya megaomu, na inayosoma chini ya megaomu 1 haipaswi kurudishiwa umeme. Kabla ya kupima ilibidi kila kifaa kichomolewe kwenye soketi, kwa kuwa volti 500 zinaweza kuua vifaa vya kielektroniki.

Soketi za chumbani: zaidi ya 200. Jikoni: zaidi ya 200. Hita ya maji: 80 na kitu, ambayo si mbaya kwa kifaa kinachoishi na maji.

Taa za nje: sifuri.

## Taa iliyowaka vizuri

Taa ya nje haikuwahi kuwa mshukiwa wa mtu yeyote, na sababu ilikuwa nzuri. Iliwaka. Kila jioni iliwaka bila kupepesa, na breka yake ilipozimwa tatizo liliendelea, jambo ambalo kwa macho yetu liliisafisha kabisa. Ilikuwa imebadilishwa majira yale yale matatizo yalipoanza, lakini hakuna aliyehusisha mambo hayo mawili, kwa kuwa kifaa kipya kinachofanya kazi hakitiliwi shaka.

Fundi alipoishusha ukutani, nyuma ya kiti chake cha chuma waya wa buluu ulikuwa umebanwa kati ya ukingo wa chuma na ukuta. Mpira ulikuwa umekatika kwa urefu wa punje ya mchele, na nyuzi mbili tatu za shaba zilikuwa zikigusa chuma, ambacho kwa usahihi kabisa kilikuwa kimeunganishwa na ethi. Nyutro na ethi vilikuwa vimeshikana.

Kwa nini sasa pasi ndiyo iliyoshusha breka? Hili ndilo nililolitafakari kwa muda mrefu baadaye, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Nyutro huchukuliwa kuwa waya usio na volti, lakini hiyo ni kweli pale tu ambapo hakuna mkondo unaopita. Waya wowote una ukinzani, na mkondo unaporudi kwa nyutro kuelekea kwenye transfoma, nyutro ya nyumba hupanda kidogo juu ya ardhi: volti 1, volti 2, wakati mwingine zaidi. Mzigo ukiwa mdogo, kupanda huko ni kudogo. Ukiwasha pasi, ampea 9.6 zinarudi kwa njia hiyo na volti huongezeka. Kama nyutro imeshikana na ethi mahali popote ndani ya nyumba, volti hizo zinapata njia ya pili ya kurudia, kupitia waya wa ethi hadi ardhini. Volti 2 zikisukuma kwenye njia yenye ukinzani wa omu 40 hupitisha miliampea 50. Miliampea hizo 50 zilitoka kwa laini kupitia breka ya uvujaji, lakini hazikurudi kupitia humo. Hesabu haitimii, kitasa kinafyatuka.

Pasi haikuwa na hatia yoyote. Wala hita. Kifaa chochote kikubwa, kwenye saketi yoyote, kingefanya vivyo hivyo, kwa sababu hitilafu haikuhitaji umeme wa saketi yake yenyewe. Ilitumia wa wenzake.

Taa yenyewe, inayovuta wati 10, haikuweza kuishusha breka hata siku moja, kwa kuwa mkondo wake wote ni karibu miliampea 43 na sehemu kubwa mno ya huo ilirudi kwa nyutro kama kawaida.

Na ile mikatiko ya jioni bila mtu kugusa kitu? Njia ile ile ya umeme ya mtaani inahudumia nyumba nyingi. Jioni watu wanapowasha vifaa vyao, nyutro ya pamoja hubeba zaidi na hupanda zaidi. Breka yetu ilikuwa ikishuka kwa sababu ya mizigo iliyo nyuma ya kuta ambazo hatukuwahi kuingia.

Tengenezo lenyewe lilikuwa dogo kuliko maelezo yake. Fundi alikata sehemu ya waya iliyojeruhiwa, akaunganisha upya ndani ya kiunganishi kilichofungwa, akapitisha nyaya katikati ya tundu badala ya pembeni, akaweka mpira wa kuzuia maji nyuma ya kiti cha taa. Akapima tena: zaidi ya 200.

## Joto ambalo hakuna anayelihesabu

Kisanduku kikiwa bado wazi, aligundua jambo jingine ambalo hatukumwitia. Chini ya breka ya hita ya maji, mpira wa waya wa laini ulikuwa umebadilika rangi kwa urefu wa nusu kidole, kutoka nyekundu kuwa kahawia, na ulipoguswa ulivunjika kama ganda. Alipojaribu skrubu ya breka hiyo kwa bisibisi, ilizunguka karibu mzunguko mzima kabla ya kukaza.

Skrubu iliyolegea ni hitilafu ya ajabu kwa sababu haiongezi mkondo. Mzigo unabaki ule ule wa halali, hakuna kinachovuja, hakuna shoti, na kwa hiyo koili haioni kitu wala breka ya uvujaji haioni kitu. Kinachoongezeka ni ukinzani mahali pamoja padogo. Ukinzani wa sehemu ya kumi ya omu, mkondo wa ampea 20 ukipita, hutoa wati 40 za joto, na wati hizo zinazaliwa ndani ya nafasi ndogo kuliko kidole gumba, pembeni kabisa mwa plastiki.

Wakati mwingine joto hilo husafiri kwenye shaba hadi kwenye bamba la breka na kulipinda kabla ya wakati, hapo mwenye nyumba hulalamika kwamba breka ya ampea 25 inashuka kwa mzigo wa ampea 18. Anayeibadilisha breka hiyo kwa mpya hupona kwa muda, kwa sababu ili kubadilisha breka ni lazima skrubu zikazwe upya, na sifa zote huiendea breka mpya. Huwa najiuliza ni breka ngapi nzima zimetupwa hivyo. Mara nyingi zaidi joto halisafiri vya kutosha, breka haishuki, na mpira unaendelea kuungua.

Dalili zake huja kwa pua na masikio: harufu ya plastiki iliyopata moto karibu na kisanduku au soketi, mlio wa kuchirizika kifaa kikubwa kinapowashwa, taa zinazofifia kidogo bila sababu. Kifuniko chenye joto mkononi ni sababu tosha ya kuzima swichi kuu na kumwita fundi siku hiyo hiyo.

Waya wenyewe hauna tiba. Ulikatwa hadi kwenye shaba inayong'aa, ukafungwa upya.

## Kuhusu breka kubwa zaidi

Nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapa hakuna mjadala. Breka inayoshuka kwa mzigo kuzidi haibadilishwi kwa kubwa zaidi mpaka waya ujulikane. Namba iliyoandikwa kwenye breka imechaguliwa kulinda waya uliomo ukutani: kwa kawaida ampea 10 kwa waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba, ampea 20 kwa waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba. Ukiweka breka ya 32 juu ya waya wa 2.5 unaoenda moja kwa moja kwenye soketi, utakuwa umempa waya ruhusa ya kupata moto ndani ya ukuta bila kifaa chochote kupinga. Kama mzigo ni halali na unahitajika, kinachoongezwa ni saketi mpya yenye waya wake.

## Namna ninavyoanza sasa

Inaposhuka siku hizi, kwanza natazama ni ipi iliyoshuka, ndogo au pana, kwa sababu hilo tayari linaondoa nusu ya uwezekano. Breka nyingine hazidondoki hadi chini kabisa, bali husimama katikati, na haziwezi kupanda mpaka zishushwe kwanza hadi mwisho. Nimesikia breka nzima ikihukumiwa kuwa mbovu kwa sababu hiyo tu.

Napandisha mara moja. Ikishuka tena, sirudii. Kila kupandisha juu ya shoti ni mkondo wa mamia ya ampea kupita tena mahali pale pale palipoharibika. Kuishikilia kwa kidole ili isishuke hakusaidii pia, kwani kitasa cha ndani hufyatuka hata mkono ukiwa juu.

Kama ni ile pana, nachomoa vifaa vyote. Kuchomoa, si kuzima. Swichi ya soketi, sawa na breka ndogo, mara nyingi hukata laini peke yake, na kifaa ambacho nyutro yake imeshika mwili huendelea kuivuruga hesabu kikiwa kimezimwa. Vikiwa vyote nje na breka ikakaa, narudisha kimoja kimoja, nikianza na vinavyopasha maji au chakula, kwa kuwa ndani ya chuma cha kupashia kuna unga wa magnesiamu oksaidi ambao hunyonya unyevu kupitia ufa mdogo kabisa. Oveni iliyokaa miezi bila kutumika inaweza kushusha breka siku ya kwanza kwa unyevu huo tu.

Vikiwa vyote nje na bado inashuka, basi hitilafu iko kwenye nyaya zenyewe, na hapo kazi yangu inaisha. Kutenganisha nyutro ni kazi ya mtu mwenye mega na mafunzo, kwa sababu swichi kuu ikizimwa, vituo vya juu vya swichi hiyo, pale zinapofungwa nyaya za umeme wa nje, hubaki na umeme kamili, na hakuna breka ndani ya kisanduku inayokulinda navyo. Bisibisi ya tesita haiwezi kusaidia hapa. Taa yake ndogo inaonyesha volti tu, na waya wa nyutro uliogusa ethi hauiwashi.

Kitufe cha T nakibonyeza mara kwa mara; maelekezo ya watengenezaji hutofautiana kati ya kila mwezi na kila miezi 6. Inafaa kujua kinachopimwa. Kitufe hupitisha umeme kidogo kupitia kinzani kilichomo ndani ya breka yenyewe, kwa hiyo kushuka kwake kunathibitisha kwamba kitasa hakijakwama. Kuhusu hali ya waya wa ethi hakisemi lolote, na nyumba isiyo na ethi kabisa itafaulu jaribio hilo.

## Kilichobaki

Tatizo la taa limekwisha, lakini mpangilio uliolifanya liwe gumu bado upo. Nyumba nzima inakaa nyuma ya breka moja ya uvujaji, na hilo lina maana kwamba waya uliobanwa uani unaweza kuyeyusha vilivyomo kwenye friji wakati hatupo. Zaidi ya hapo, vifaa vya kielektroniki huvujisha kidogo kwa asili yao, kwa kupitia vichujio vilivyomo ndani. Kompyuta moja inaweza kutoa miliampea 1 au zaidi, na vikikusanyika vingi nyuma ya breka moja, karibu nusu ya uvumilivu wake hutumika kabla hakujatokea hitilafu yoyote.

Fundi alipendekeza breka zinazounganisha kazi zote mbili, ya joto na ya uvujaji, moja kwa kila saketi, tena za aina inayokata laini na nyutro kwa pamoja. Kwa hizo, taa ya nje ingejizima yenyewe na kutuachia nyumba iliyobaki, na mshukiwa angejulikana siku ya kwanza. Tumeanza na ya friji na ya taa za nje, ambazo laini na nyutro zao zimehamishwa kutoka nyuma ya ile pana. Za soketi na hita zinangoja kisanduku kikubwa zaidi, kwa kuwa katika hiki hakuna nafasi ya baa za nyutro zilizotenganishwa.